Dada wa Kabati Hakusalimu

Jumapili ya kwanza ya Machi mwaka huu, asubuhi, Mwalimu Zuhura alifariki nyumbani kwake Kasulu, na alasiri ya siku hiyohiyo akazikwa. Mimi nilifika jua likizama. Simu yangu ilikuwa dukani inachajiwa, na nilipokwenda kuichukua nikakuta binti yake, Mwanaidi, amepiga mara nyingi, na basi la kutoka Kibondo lilikuwa limeshaondoka. Nikapata nafasi kwenye gari la mizigo lililobeba maharage. Kwetu sisi Waha maiti hulala ndani, watu wakakaa naye, wakala, wakaongea, na aliye mbali akangojwa. Waislamu hawacheleweshi. Nilijua hivyo, nimeishi nao miaka mingi, lakini njia nzima nilikuwa najiambia kwamba labda safari hii watangoja. Nilipoingia uani nikaona viatu vya wanaume vimepungua mlangoni na masufuria makubwa yamepinduliwa chini yakauke, nikajua.

Mwanaidi akanishika mikono. "Mama mdogo, pole na safari. Tumeshamsitiri." Ananiita mama mdogo kwa sababu mimi ndiye niliyembeba mgongoni alipokuwa hajaota meno. Nikakaa mkekani pamoja na wanawake wengine. Walikuwa wakizungumza kwa sauti ndogo mambo ya kawaida, nani ameleta mchele, nani hajala tangu asubuhi. Mama mmoja, mwalimu mwenzake wa zamani, alikuwa akisimulia jinsi marehemu alivyokuwa anasahihisha makosa ya Kiingereza kwenye matangazo ya harusi, na wote wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka, wakanyamaza. Juu ya kabati la vyombo, katikati ya vitabu vya shule vya wajukuu, niliona kile kitabu. Kimebandikwa karatasi ya gundi mgongoni, na picha ya dada wa hadithi kwenye jalada imefifia mpaka amebaki na jicho moja na bega. Sikukishika. Lakini usiku kucha sikuweza kuwaza kitu kingine ila mwaka ule wa Kibondo, mwaka wa kitabu hicho.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikachukuliwa kufanya kazi za ndani kwa mwalimu. Nyumba ilikuwa ya walimu, ya matofali ya kuchoma, yenye sebule ambayo mtu akinyoosha miguu anagusa ukuta wa pili. Mwalimu alitoka Tanga, akafundisha Kiingereza sekondari. Mume wake, Bwana Salimu, alikuwa mtu wa ujenzi wa barabara, wiki nzima yuko porini na mashine zao. Yeye ndiye aliyenunua televisheni. Iliwekwa juu ya meza ndogo, ikavikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto anayekwenda kubatizwa, na ilitumia betri ya gari tuliyoipeleka kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga. Kwa sababu ya betri hiyo haikuwashwa ovyo. Iliwashwa Jumamosi jioni, kabla ya chakula, kwa ajili ya mchezo mmoja tu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kizungu. Kulikuwa na dada mmoja mrefu aliyekuwa akisafisha jengo la zamani, na ndani ya jengo hilo mlikuwa na lifti iliyoharibika. Akigundua namna ya kubonyeza vitufe vyake, lifti ilimpeleka si ghorofani bali mwaka mwingine. Kibondo nzima hakukuwa na lifti, na mwalimu alipojaribu kutueleza chumba kinachopanda na kushuka kwa kamba, sisi tuliona tu mlango wa chuma unafunguka na mtu anaingia mahali pembamba. Basi tukaliita kabati. Mchezo ukawa Kabati, dada akawa Dada wa Kabati, na Jumamosi majirani walikuwa wakipita wakiuliza, "Kabati leo lipo?" Mwalimu alikaa kwenye stuli karibu na televisheni akatafsiri kila lililosemwa. Wanafunzi wake walikaa sakafuni. Nyuma yao, kwenye kiti pekee chenye mto, alikaa Bibi Butoyi, jirani wa nyumba ya tatu, mwembamba, miguu imevimba, na ungo wa maharage mapajani kwa sababu hakujua kukaa bila kazi. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha kuokoteza. Pale kilipomshinda alinigeukia, nami nikamgeuzia kwa Kiha. Kwa hiyo hadithi ile ilimfikia ikiwa imeshavuka midomo miwili.

Nakumbuka vizuri siku aliyoanza ubishi wake. Dada wa Kabati alitoka kwenye mlango wa chuma akajikuta miaka mingi nyuma, na mbele yake akapita msichana aliyebeba ndoo.

"Huyo ni nani yake?" Bibi akauliza.

"Ni mama yake, Bibi," mwalimu akasema. "Amerudi zamani, mama bado msichana."

"Mbona hakumsalimu?"

"Anaharakisha."

"Mtu mwenye kabati la kumrudisha jana anaharakisha nini?"

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Hata mwalimu alishika tumbo. Lakini Bibi hakucheka. Alikuwa ameudhika kweli, na ukiwa Mha utamwelewa. Salamu zetu si neno la kupita njia. Unainama kidogo, unapiga makofi ya taratibu, unamshika mwenzako mikononi, unamuuliza ameamkaje, na nyumbani, na watoto, na ng'ombe kama anao, na shamba, na wa upande wa pili wa kilima, na baada ya kila swali unanyamaza umpe mtu nafasi ya kujibu. Mkimaliza mnaweza kuanza tena. Wageni wa kikazi hutuona tunapoteza muda. Mwalimu mwenyewe alisema wiki yake ya kwanza Kibondo alichelewa kipindi kwa sababu ya kusalimiana na mlinzi wa geti.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alimtendea Bibi wema. Dada wa Kabati alipokutana na mzee mmoja mlangoni na kumuuliza swali fupi, labda la njia, mwalimu akatafsiri, "Mwakeye, baba? Mmeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto je? Ng'ombe wanatoa maziwa?" Bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tatizo picha hazikungoja. Mwanafunzi mmoja mtundu akapiga kelele, "Mwalimu, dada anafukuzwa na polisi, wewe bado uko kwenye ng'ombe!" Tangu siku hiyo kila mtu kwenye mchezo ule alisalimu, hata majambazi.

Kisha, katikati ya mwaka, pale hadithi ilipofika patamu, mchezo ukatoweka. Dada wa Kabati alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyezama mtoni walipokuwa wadogo, siku ambayo yeye hakuwepo. Muda wote alikuwa akiutafuta mwaka ule kwenye vitufe. Mtu mmoja alikuwa amemwonya kwamba anayezungumza na marehemu wake huko nyuma, kabati halitamfungukia tena. Akabonyeza. Mlango ukafunguka, tukaona maji yanang'aa, na Jumamosi iliyofuata tukawasha betri iliyojaa tukakuta mpira. Jumamosi ya pili, mpira. Wanafunzi wa kiume walizoea haraka. Bibi Butoyi alikaa mpaka kipenga cha mwisho, ungo mapajani, akaniuliza kwa Kiha kama dada amo kati ya hao wanaokimbia.

Ni dada yake mwalimu aliyeokota kitabu, sijui soko gani, kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini, akakituma kwa basi kikiwa kimefungwa ndani ya kanga mbili. Baada ya mchezo kupendwa huko kwao, mtu aliuandikia riwaya, hadithi ileile tangu mwanzo mpaka mwisho, na jalada likawekwa picha ya dada mwenyewe. Mwalimu aliapa hatachungulia kurasa za mbele. Alisoma Jumamosi, saa ileile ya mchezo, lakini jikoni, maana ndiko mimi nilikokuwa. Nilikuwa nikimenya mihogo, Mwanaidi yuko mgongoni amelala, sufuria inachemka, na mwalimu amekaa kwenye kigoda na kanga yake, anasoma mstari kimya, kisha anausema kwa Kiswahili. Mwanzoni walikuja wengi. Kitabu hakina picha, na mwalimu alikwama kwenye maneno, akaangalia moshi, akatafuta. Mwezi haukuisha tukabaki watatu, yeye, mimi na Bibi.

Sijasoma sana, na kuna sehemu za kitabu kile sikuzielewa na hata leo sizielewi, hasa kurasa za namna miaka inavyokunjamana. Nilichokipata ni jikoni kwenyewe. Palikuwa mahali pa kwanza maishani mwangu watu kukaa na kuzungumza mambo ya mtu asiyekuwepo kana kwamba anakuja kula. "Leo hajala huyu," Bibi alikuwa akisema. "Tangu ukurasa ule wa treni hajala." Na mwalimu akarudi nyuma kurasa kadhaa, akahakikisha, akasema kweli, hajala.

Ni hapo jikoni Bibi alipotuambia. Ilikuwa siku ya mvua, mwalimu amefika mahali dada anapokumbuka siku ya mdogo wake, akaacha kusoma ili apulize moto. Bibi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Mnaniita Butoyi kila siku. Hamjauliza Bukuru yuko wapi."

Mimi nikashtuka kwa sababu ningepaswa kujua. Kwetu mapacha hupewa majina hayo, anayetangulia Bukuru, anayefuata Butoyi. Nikamweleza mwalimu. Naye akauliza kwa upole, "Yuko wapi, Bibi?"

"Titye. Alibaki Titye."

Titye ni kijiji cha upande wa Kasulu, na huko walikuwa wasichana wa kuchunga mbuzi. Butoyi alitumwa kwa shangazi yao, akaondoka kabla hakujapambazuka, Bukuru bado amelala, naye akasema moyoni atamsalimu akirudi. Aliporudi nyumba ilikuwa imefagiwa na hakuna aliyemtazama usoni. Bukuru alishikwa na homa, wakamzika. Wakubwa wakamwambia asilie, kwao pacha haliliwi, akililiwa anamwita mwenzake. Wakampeleka haraka akaishi kwa yule shangazi upande wa Kibondo, akakulia huko, akaolewa huko, akazaa. Titye hakurudi tena. "Mpaka leo nadaiwa salamu," akasema. Kisha akamwambia mwalimu, "Soma. Nataka nijue huyu mwenzangu atafanyaje."

Basi tangu siku hiyo tulisoma kwa namna nyingine. Miguu ya Bibi ilikuwa ikizidi kuvimba, akaja akijikokota kwenye ukuta, na mwalimu alikuwa amepata barua ya uhamisho wa Kasulu, aondoke shule zikifungwa. Alisoma hata siku za katikati ya wiki. Nilimsikia akimwambia Bwana Salimu sebuleni, "Namwogopa huyu mwandishi. Sijui ana roho gani." Bwana Salimu akajibu, "Si unatafsiri wewe? Malizia unavyotaka. Nani atajua?" Nilisikia kijiko cha mwalimu kikizunguka kwenye kikombe muda mrefu.

Siku ya mwisho hakuna aliyesema ni ya mwisho, lakini kurasa zilizobaki upande wa kulia zilikuwa nyembamba. Mwalimu akasoma mlango wa kabati unafunguka, akasoma majani, mto, jua. Halafu akasoma mbele kwa macho tu, akarudi juu, akasoma tena.

Bibi akauweka ungo chini. Sikuwahi kumwona akiuweka chini. "Mwalimu," akasema, "usinisalimie wewe. Nataka kitabu kinavyosema."

"Kitabu kinasema," mwalimu akaanza, na sauti yake ikawa ile ya darasani, "alisimama ng'ambo ya mto. Akamwona mdogo wake anarusha mawe majini. Akamtazama mpaka kivuli kikageuka. Kisha akarudi kwenye kabati."

"Hakusema neno?"

"Hakusema, Bibi."

Bibi akanigeukia. Alikuwa ameelewa, Kiswahili kile hakikuwa kigumu, lakini alinigeukia kama alivyozoea. Nikamwambia kwa Kiha kwamba dada hakusema neno. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na sijawahi kubeba kitu kizito kama maneno hayo machache. Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni. Bibi akachukua ungo wake, akapepeta kidogo, akatupa kijiwe.

"Basi alikwenda kutazama," akasema. "Kutazama tu hata kunguru anatazama." Kisha akasema tena, "Mimi nipelekeni Titye."

"Kwa miguu hiyo, Bibi?" mwalimu akauliza.

"Hiyohiyo. Wewe si unahama na lori? Lori lina nafasi."

Mwanawe alikataa. Alikuja sebuleni, mtu mzima mwenye mvi, akamwambia mwalimu kwa heshima zote kwamba amemharibu mama yake kwa vitabu. Kaburi la mtoto, la enzi hizo, lisilo na alama, nani atalijua? Na Bibi akifia njiani? Mwalimu akasema, "Baba, mimi sikumwambia aende. Kitabu chenyewe kimesema abaki ng'ambo." Yule mzee hakulielewa jibu hilo, lakini Bibi alikuwa ameshafunga kitenge chake kwenye mfuko, na hakuna aliyethubutu kuufungua.

Tulihama Desemba. Bibi alikaa mbele na dereva, mwalimu na mtoto pembeni yake. Mimi nilikuwa nyuma juu ya magodoro, nimeikumbatia televisheni. Tulilala Kasulu kwenye nyumba isiyo na pazia hata moja, tukala ugali na samaki, migebuka ya kukaanga iliyonunuliwa njiani, na Bibi akaoga, akajipaka mafuta kama anayekwenda harusini. Asubuhi Bwana Salimu akaazima pikapu ya kazini tukaenda Titye.

Sitaandika kwamba aliutambua mlima au mti. Hakutambua kitu. Alizungushwa, akaulizia kwa watu, majina ya ukoo wake yakakumbukwa na mzee mmoja tu, akatuonyesha kwa fimbo upande wa shamba la muhogo. Palikuwa na mama kijana anapalilia. Akasema hapa hajawahi kuona kaburi, yeye alinunua shamba likiwa shamba. Bibi akasimama ukingoni, amenishika bega, akaangalia mashina yale kwa muda.

"Ni hapa au pale," akasema. "Shamba si kubwa. Atasikia."

Akaniachia bega. Akainama na miguu yake ile, akapiga makofi ya taratibu, akasema kwa Kiha, mwakeye, umeamkaje. Akanyamaza kwa muda wa jibu. Na yule mama kijana, akiwa ameinama na jembe katikati ya mihogo, akadhani anasalimiwa yeye. Akaweka jembe chini, akapiga makofi, akajibu kwamba wameamka salama. Bibi akauliza habari za nyumbani. Akajibu, nyumbani hawajambo. Watoto? Wazima. Shamba? Limeota. Majirani? Wapo. Bibi hakumsahihisha. Hakumtazama pia, macho yake yalikuwa kwenye udongo. Aliuliza yote, taratibu, asiruke hata moja, na kila alichouliza kikajibiwa kutoka ndani ya shamba lile. Walipomaliza akaanza tena, kama inavyotakiwa kwa watu walioachana siku nyingi.

Mwalimu Zuhura alikuwa analia wazi, ushungi mdomoni. Bibi akageuka akamwona. "Ewe, nyamaza," akamwambia. "Pacha haliliwi." Halafu akaomba maji ya kunywa.

Bibi alirudi Kibondo, akaishi mpaka masika ya mwaka uliofuata. Mimi nilibaki na mwalimu Kasulu mpaka nilipoolewa. Hatukuongea sana juu ya siku ile. Mara moja tu, tukichambua mchele, aliniambia, "Sikola, ningemdanganya, angekaa nyumbani." Nimelifikiria neno hilo miaka hii yote, na sina uhakika kama alikuwa anafurahi au anajuta.

Jumatatu asubuhi, baada ya chai, nilimwambia Mwanaidi kwamba nataka kufika alipolala mama yake. Akatazamana na shangazi zake. Wanawake hawakwenda makaburini jana, akasema, na leo bado mapema, lakini mdogo wake, Omari, angeweza kunifikisha mpaka kwenye uzio. Omari akanipakia pikipiki. Tukafika, akasimama upande wa nje, akanionyesha kwa mkono udongo mwekundu ulio mpya, mbali kiasi, nyuma ya safu mbili za makaburi ya zamani. Kati yetu na pale kulikuwa na mtaro na seng'enge. Nikasimama. Nilimkumbuka Dada wa Kabati kwenye ukingo wa mto wake, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma, maana kutazama tu kunatosha kumchosha mtu.

Nikashika kitenge changu, nikainama, nikapiga makofi. Nikasema mwakeye, mwalimu. Nikangoja. Nikauliza habari za nyumbani.

Omari alikuwa bado juu ya pikipiki, injini inanguruma. "Mama mdogo, unasemaje?"

"Namsalimu mama yako."

Akazima pikipiki. Nikaanza upya, tangu mwanzo.